Siku 20 za mkataba, siku 35 za kazi

Konsaltanti wa Kisumu, yaani mtaalamu anayeuza huduma kwa mkataba wa kazi moja moja, akilalamikia uchovu, jibu huwa ni lile lile: jifunze kukataa kazi. Umejiajiri, huna bosi, pumzika utakapo. Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya mwenye saa 35 hadi 40. Hilo silipingi.

Lakini hebu tuufungue mkataba wenyewe. Chukua tathmini ya mradi wa maji Siaya na Homa Bay: hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yenyewe, zinasema siku 20, malipo Sh400,000. Kwenye karatasi, hizo ni Sh20,000 kwa siku. Kisha kibali kinachelewa, mvua inafunga barabara, wakusanyaji data wanarudi kijijini mara ya pili. Rasimu inarejeshwa mara tatu, na kila mara maoni yanatoka kwa mtu mpya ambaye hakuwapo kikao cha kwanza. Siku 20 zinakuwa 35. Malipo ni ya kazi nzima, kwa hiyo zile 15 hazina mlipaji. Sh20,000 imeshuka hadi kama Sh11,400, na hapo Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) bado haijakata asilimia 5 yake ya kodi ya zuio. Fungu la mwisho nalo hutoka ripoti ikishapitishwa, na tarehe ya kupitishwa haikuandikwa popote. Karo ya watoto inasubiri hapo. Mtu huyu akishika kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, tunamwita mwenye tamaa. Mimi naona anaziba pengo aliloachiwa na mkataba.

Sheria haimfikii. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Konsaltanti anauza huduma, hayumo. Hata mswada wa Seneta Samson Cherarkey wa 2022, uliotaka watu wasilazimike kujibu simu na barua pepe za kazi baada ya saa za kazi, ulimlenga mwajiriwa.

Na kukataa kazi kumekuwa ghali zaidi tangu Marekani isitishe misaada ya shirika lake la USAID mwanzoni mwa 2025. Miradi ya afya ilifungwa, na waliokuwa na mishahara wakaingia soko hili hili. Ukikataa, mwenzako ataichukua kwa bei ya chini.

Tena Jumamosi ya huku ni ya mazishi. Mtu anatoka Mamboleo, hapa Kisumu, alfajiri kwenda kuzika Alego kule Siaya, anarudi jioni, saa tatu usiku anafungua kompyuta. Kumwambia asiende ni kumtenga na watu wake.

Konsaltanti naye ana lake: wengine hupunguza siku kwa makusudi ili washinde zabuni, kisha wanalia. Hata hivyo anayetoa kazi ndiye mwenye kalamu. Akusanye maoni ya wote mara moja kwa kila rasimu, alipe siku zilizoongezwa na ofisi yake, na mkataba useme kwamba ripoti ikikaa siku 14 bila maoni, imepita.