Mgao wetu usiishie kwenye kokoto

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema wakandarasi wa Kenya hawana mtaji wa kujenga barabara kuu ya Rironi–Mau Summit, inayopita Nakuru. Kuhusu mtaji, nakubali. Kampuni za Ufaransa zilisaini mkataba wa kuijenga 2020, mkataba ukavunjwa, kazi ikaenda kwa kampuni za China. Lakini NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo imo kwenye mradi huo pamoja na Wachina, na pesa zake ni akiba za wafanyakazi wetu! Kwenye tenda za kawaida za serikali, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inamtaka mkandarasi wa kigeni anunue angalau asilimia 40 ya mahitaji yake kwa wakandarasi Wakenya. Kwa ninavyoona Nakuru, mgao wetu huishia kwenye kokoto, mchanga na vijana wa kushika bendera barabarani. Mhandisi wetu apewe daraja zima, kuanzia kupima udongo hadi kumwaga zege. Na wakandarasi wadogo walipwe kwa wakati, maana wapo ambao mashine zao zimepigwa mnada wakingoja malipo.