Sengerema daraja tunalo, sasa nani anambeba mgonjwa?

Tangu daraja la Kigongo–Busisi la kuvuka Ziwa Victoria lifunguliwe Juni 2025 nasikia watu wanasema shida ya wagonjwa Sengerema imeisha, zinunuliwe tu ambulensi za kutosha watu wakimbizwe hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza mjini. Hoja hiyo naikubali nusu.

Maana kweli miaka yote ile aliyekuwa anaamua rufaa ni kivuko. Gari linafika Busisi, mama anavuja damu, kivuko kiko ng'ambo, basi mnasubiri, na usiku ndo balaa zaidi. Sasa hivi hizo kilomita 3 ni dakika chache, kwahiyo ambulensi yenye oksijeni na nesi ndani ina faida kubwa kuliko zamani.

Ila kutoka kijijini mpaka hospitali ya Sengerema je? Huko ndo wengi wanachelewa, na dawa yake ilijaribiwa hukuhuku kwetu. M-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga, ilianzia Sengerema na Shinyanga, baadaye Rais Samia akaizindua kitaifa 2022. Unapiga 115 bure, ambulensi ikiwa mbali anaitwa dereva teksi wa palepale aliyeandikishwa, akimfikisha mama kituoni analipwa kwa simu, ndugu hawahangaiki kuchangishana hela ya mafuta saa nane usiku. Wanaoipinga nao wasipuuzwe jamani, dereva teksi hajui kuzuia damu, mama akizidiwa njiani yeye anakanyaga mafuta tu na kumwomba Mungu. Halafu huduma ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga, aliyegongwa na boda hayumo, mvuvi hayumo.

Pamoja na hayo mimi niko upande wa madereva, ila wafundishwe huduma ya kwanza na walipwe kwa wakati. Aliye karibu ndo anaokoa. Ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022 ikiwa na watu 43, waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 wakatoka hai. Majaliwa Jackson, mmoja wa wavuvi hao, akapewa kazi Zimamoto, safi kabisa, lakini mafunzo yale yanatakiwa yafike kila mwalo.

Na hela ikipatikana ya gari moja jipya, mimi ningeanza na boti ya wagonjwa ya visiwa vya Kome na Maisome kule Buchosa, maana daraja haliwafikii, na nahodha wake alipwe akishafikisha mgonjwa, kama anavyolipwa dereva teksi.