Bawa lililofunuka lilikuwa haki ya anayefukuza

Ami yangu hajui Ferrari wala Red Bull. Yeye ni mtu wa bahari. Ujanani alikuwa akishindana ngalawa, na mpaka leo akiona tanga kwa mbali anakwambia limekaa sawa au limelegea. Jumapili moja alinikuta sebuleni natazama langalanga, yaani mashindano ya magari ya Formula 1, saa kumi alasiri, wakati resi nyingi za Ulaya zinapoanza kwa saa zetu. Akakaa, akatazama mizunguko mitatu minne bila kusema kitu. Gari ya nyuma ilikuwa inaisogelea ya mbele, ikifika kwenye kona inaachwa, inasogea tena, inaachwa tena. Mwisho Ami akasema: “Huyu wa nyuma kazibwa upepo.”

Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili, sijakutana na yaliyo mafupi na sahihi kama hayo.

Bawa la ndege inayoruka pale uwanja wa ndege wa Kisauni kazi yake ni kuinyanyua. Bawa la gari ya Formula 1 ni kama hilo limepinduliwa: upepo ukilipitia unaikandamiza gari chini, tairi zinashika lami, na dereva anaweza kuingia kona kwa kasi ambayo gari ya kawaida ingetupwa nje. Lakini gari inayotangulia inaacha nyuma yake upepo uliovurugika, na anayefuata anaingia humo humo. Mwenye vespa anaijua hali hiyo. Ukikaa nyuma ya lori la mchanga barabara ya Bububu, mwanzo unahisi kama unavutwa, vespa nyepesi kabisa. Mara upepo unakupiga kushoto na kulia, shati linapepea, usukani unacheza mikononi. Kwenye njia iliyonyooka ule mvuto unamsaidia anayefuata. Kwenye kona ile misukosuko inammaliza. Formula 1 wenyewe walitoa hesabu: gari ya 2021 ikiwa mita 10 nyuma ya nyengine ilikuwa inapoteza asilimia 46 ya nguvu hiyo ya kukandamizwa. Karibu nusu! Halafu tunamwambia dereva ajitahidi.

Aliyelipia hilo kwa machungu ni Fernando Alonso, dereva wa Ferrari wakati huo, Abu Dhabi, Novemba 2010. Aliingia resi ya mwisho akiongoza kwa pointi. Akasimama mapema kubadilisha tairi, akatoka nyuma ya Renault ya Vitaly Petrov, na hapo akabaki mizunguko karibu 40. Gari yake ilikuwa na kasi zaidi na bado hakupata pa kupita. Akamaliza wa saba, Sebastian Vettel akashinda resi na ubingwa kwa tofauti ya pointi nne. Niliitazama resi ile na bado inaniuma.

Msimu uliofuata, 2011, likaja bawa la nyuma linalofunguka, lile linaloitwa DRS. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kuna mstari wa kupimia. Ukiupita ukiwa chini ya sekunde moja nyuma ya mwenzako, unaruhusiwa kubonyeza kitufe ukifika sehemu iliyopangwa ya njia iliyonyooka. Kibao cha juu cha bawa kinajifunua, nafasi inabaki wazi (kwa miaka ya karibuni ilikuwa mpaka milimita 85, kama vidole vinne vya mkono wangu), upepo unapenya badala ya kulivuta bawa nyuma, na gari inachomoka. Ukikanyaga breki, kinajifunga. Wa mbele hana ruhusa, labda na yeye awe anamfukuza mtu.

Wengi walikichukia kitufe hicho. Walisema ni kupita kwa kupewa. Hata Ami, nilipomweleza, alitikisa kichwa: “Mimi nikizibwa upepo hakuna aliyenirudishia.” Ni kweli. Lakini Ami alikuwa na bahari nzima. Ngalawa ya joshini, upande upepo unakotoka, ikiiziba yake, tanga likaanza kupigapiga, aligeuza akaenda kutafuta upepo wake upande mwengine. Dereva hana bahari. Ana lami yenye upana wa gari chache tu, na mstari mmoja wenye kasi, ambao wa mbele keshaukalia. Yule wa mbele hakuuziba upepo kwa ustadi; gari yake inauvuruga hata akiwa amelala usingizi. Kurudishiwa sehemu ya ulichonyang'anywa si kupewa.

Ninapokubaliana na waliolalamika ni kwenye urefu wa sehemu yenyewe ya kufungulia bawa. Ilipokuwa ndefu mno, mtu alipitwa katikati ya njia kama gari ya ng'ombe, na breki bado hazijaguswa. Hapo hapakuwa na resi. Ilipokuwa fupi mno, kama Monaco, bawa lilifunguka na hakuna kilichobadilika. Iliyofaa ni ile iliyomfikisha mtu ubavuni, kisha breki na moyo wa dereva viamue. Tazameni Bahrain 2022: Verstappen wa Red Bull anampita Leclerc wa Ferrari kona ya kwanza, Leclerc anampisha kwa makusudi ili yeye awe wa nyuma penye mstari wa kupimia, anafungua bawa na kumpita tena kabla ya kona ya nne. Aliyesema kitufe kinaua akili aitazame mizunguko ile.

Kulikuwa na hatari pia, bawa likikataa kujifunga. Dereva Jack Doohan aliingia kona ya kwanza Suzuka, Japani, 2025, kwenye mazoezi, bawa likiwa bado wazi, akaenda kujipiga ukutani. Alitoka mzima.

Kuanzia msimu wa 2026 mabawa ya mbele na ya nyuma yanalegezwa na kila dereva kwenye njia iliyonyooka, aongoze au afukuze. Msaada wa anayefukuza umehamia kwenye umeme: akiwa ndani ya sekunde moja anapata nguvu ya ziada. Kwa hesabu huenda ni sawasawa. Kwangu kimepotea kitu. Siku ile Ami alikiona kile kibao kikifunuka, akasogea mbele kwenye kiti na kuuliza, “Kile nini?” Nikamwonesha kwa kidole, akafahamu. Akija tena akaniuliza huyu wa nyuma kapata wapi nguvu, sitakuwa na kitu cha kumnyooshea.