Popo na nondo wa Arizona, nani kamzidi mwenzie?

Ukiwatajia watu popo na nondo, wengi wanampa popo ushindi hapohapo, na mi naelewa. Popo kahawia mkubwa wa Marekani, Eptesicus fuscus, anapiga sauti ya juu ambayo binadamu hatuisikii, anasoma mwangwi unaorudi, na akimkaribia mdudu anazidisha spidi mpaka sauti zinapita 100 kwa sekunde, giza kwake si chochote. Upande wa pili kuna Bertholdia trigona, kanondo kadogo ka Arizona kenye seli mbili tu za kusikia kwa kila sikio. Hapo ungesema mechi imeisha.

Kumbe huyu nondo ana viungo kifuani, kulia na kushoto, vinabonyea na kurudi haraka mno, vinatoa milio mpaka 4,500 kwa sekunde. Mwaka 2009 watafiti Corcoran, Barber na Conner walionyesha kwamba milio hiyo inavuruga sona ya popo, yaani ule usomaji wake wa mwangwi, nondo walionyamazishwa walikamatwa kirahisi zaidi sana. Sasa wapo wa kusema labda popo alishtuka tu, au alidhani nondo ana sumu maana ndugu zake wengi ni wachungu kweli na wanalia vilevile kuonya. Mi siafiki, mshtuko ungeisha baada ya siku chache ila hawa popo waliendelea kukosa, na wakifanikiwa kumshika wanamla vizuri tu, hakuna cha uchungu.

Kwa hiyo nondo ndo mshindi? Polepole kwanza. Huyu popo chakula chake kikubwa ni mbawakawa wa kila aina, wale wadudu wenye magamba magumu, nondo akimponyoka anageukia kingine usiku uleule, wakati nondo akikosea mara moja tu ndo basi. Mi naona ushindi wa nondo umetokana pia na mpinzani asiye na shida naye sana.

Muangalie popo barbastelle wa Ulaya, Barbastella barbastellus, ambaye karibu msosi wake wote ni nondo wenye masikio. Yeye kapunguza sauti mara 10 hadi 100 kuliko popo wengine wa kuwindia hewani, nondo anakuja kumsikia keshafika. Gharama yake ni kwamba kwa sauti ndogo hivyo hawezi kumgundua mdudu aliye mbali, lakini kwa anayetegemea nondo hiyo bei inalipika.