Mashine ya Kukimbilia kwa Mkazi wa Tanga: Inunuliwe au Isinunuliwe?

Anayeishi Tanga akitaja kwamba anataka kununua mashine ya kukimbilia, swali la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini asikimbie Raskazone, ambako upepo wa bahari haulipiwi. Swali hilo lina uzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika, kwa hiyo hakuna anayelazimika kununua chochote ili afikie kiwango hicho. Katika mji ambao watu wengi bado wanakwenda kazini kwa baiskeli, wapo wanaokifikia bila hata kukusudia.

Hata hivyo, ushauri wa kutoka nje unamfaa zaidi mtu ambaye alfajiri yake ni yake mwenyewe. Mama wa watoto wadogo hawezi kuwaacha wamelala akaenda kukimbia, na wapo wanawake ambao hawana raha kutazamwa barabarani, jambo ambalo wanaume hulipuuza haraka mno. Wapo pia wenye magoti mabovu, wanaohitaji mahali palipo sawa pasipo na mashimo, na mvua za masika kati ya Machi na Mei huvuruga ratiba ya yeyote. Kwa watu hawa mashine inaondoa kizuizi cha kweli. Kwa yule ambaye kizuizi chake ni uvivu, naona itaishia kuanikiwa kanga.

Joto nalo halizungumzwi vya kutosha. Anayekimbia nje hukata upepo kwa mwendo wake, na upepo huo hukausha jasho na kuupoza mwili. Juu ya mashine mtu anabaki palepale, na katika unyevu wa Tanga jasho humtiririka bila kukauka. Feni imara, basi, iingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Kwenye uchaguzi wenyewe, wanunuzi wengi hutazama kioo na idadi ya programu, wakati kinachoamua umri wa mashine ni mota. Nguvu inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ile ya kilele, ambayo mota huifikia kwa muda mfupi tu. Ya kuulizia ni nguvu ya kudumu: HP (nguvu ya farasi, kipimo cha nguvu ya mota) 2 hivi inamtosha anayetembea, lakini anayekimbia anahitaji karibu HP 3, pamoja na mkanda mrefu zaidi, wa sentimita 140 au zaidi. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani huenda ikawa ya volti 120, nayo ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua.

Gharama ya umeme wenyewe haitishi sana. Mashine inayovuta wati 800 ikitumika nusu saa kila siku hula yuniti 12 hivi kwa mwezi. Tatizo ni kwa familia iliyo katika kundi la bei nafuu la wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, ambayo nyongeza hiyo inaweza kuivusha kikomo.

Adui mkubwa zaidi ni chumvi. Nyumba zinazotazama bahari hupokea hewa inayokula chuma, na ubao ulio chini ya mkanda, ambao kwa kawaida ni wa unga wa mbao ulioshindiliwa, huvimba ukinyonya unyevu. Mashine haifai kukaa barazani hata kama mandhari ni mazuri. Ikae ndani, ifutwe jasho kila baada ya matumizi, na mkanda upakwe mafuta ya silikoni kwa chini, unapogusana na ubao, si ya kupikia. Penye watoto, ufunguo wa usalama, ambao bila huo mashine haiwaki, uchomolewe na kufichwa, kwa sababu mkanda unaozunguka huweza kumvuta mtoto chini ya mashine.

Kwa bajeti ndogo, mashine nzuri iliyotumika ni bora kuliko mpya dhaifu, ilimradi ijaribiwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Wauzaji hupenda kuionyesha ikienda kasi bila mtu juu yake, na jaribio hilo halithibitishi lolote. Apande mtu mzito kuliko wote nyumbani, atembee polepole kwa dakika kumi, kwani ni katika mwendo mdogo chini ya uzito mkubwa ndipo mota iliyochoka huanza kukwama na kunuka.