Nipeni filamu ambayo hakuna anayejibu

Niliwahi kumwekea rafiki yangu filamu ya Contact, akasinzia hata ishara kutoka angani haijafika. Alipozinduka akauliza, "Hao viumbe wameshatokea?" Bado. "Sasa muda wote huo stelingi anafanya nini?" Nikamwambia anasikiliza. Akajifunika shuka.

Simlaumu. Tumezoeshwa wageni wa angani wanaofika dakika ya kumi na kutua Marekani (sijui kule wana ndugu gani), na kufikia dakika ya ishirini majengo yanawaka moto. Kazi ya kuwatafuta haina nafasi humo.

Contact, iliyotoka Julai 1997, walau ilijaribu. Imetokana na riwaya ya mwanaastronomia Carl Sagan, aliyefariki Desemba 1996 kabla filamu haijatoka. Jodie Foster anaigiza mtafiti Ellie Arroway, mhusika anayefanana kwa mengi na mtafiti wa kweli, Jill Tarter. Na kuna mengi wamepatia. Ishara inabisha kwa namba tasa, 2, 3, 5, 7, 11, hesabu ambayo nyota haiwezi kuipiga kwa bahati. Ellie ananyimwa fedha, na ndivyo ilivyokuwa: mradi wa NASA wa kusikiliza ishara kama hizo ulianza 1992, Bunge la Marekani likaukatia fedha 1993, wakina Tarter wakaendelea kwa fedha za wafadhili binafsi.

Halafu linakuja lile tukio la jangwani New Mexico. Ellie amejilaza juu ya boneti ya gari, hedfoni masikioni, macho ameyafumba, na antena kubwa zimejipanga nyuma yake. Ghafla, du, du, du. Picha tamu, ila hakuna anayesikiliza hivyo. Kompyuta ndizo zinazochambua mamilioni ya masafa ya redio kwa mpigo, na mtu akiwepo anakodolea skrini. Uongo huo nausamehe, maana skrini haisisimki.

Nisichosamehe ni kwamba ishara ya kwanza inayowainua vitini ndiyo yenyewe.

Juni 1997, wiki chache kabla filamu haijaingia kwenye majumba ya sinema, Tarter na wenzake walikuwa kwenye darubini ya redio ya Green Bank, West Virginia. Ishara ikaingia. Wakaisogeza darubini kando ya nyota waliyokuwa wakiisikiliza, ishara ikapotea. Wakairudisha, ikarudi, kana kwamba inatoka kwenye nyota ile ile. Kwa kawaida darubini ya pili, iliyokuwa Georgia, ndiyo ingehakiki, lakini ilikuwa mbovu. Kwa hiyo wakakesha wakisogeza na kurudisha, moyo ukienda mbio, mpaka ikabainika ni SOHO, chombo cha kuchunguza jua kilichorushwa na binadamu hawa hawa mwaka 1995. Haikuwa mara ya kwanza. Mwanaastronomia Frank Drake, aliyeanza kazi hii hapo hapo Green Bank mwaka 1960, naye alipata mshtuko kama huo mwanzoni kabisa, na ishara yake pia ikaonekana ni ya duniani.

Kinachonifurahisha zaidi katika kisa cha 1997 ni nani aliyejitokeza. Kwenye filamu, ishara ikishaingia tu, serikali imejaa chumbani, wanausalama wanataka kila kitu kiwe siri. Usiku ule wa Green Bank hakuna mwanajeshi aliyegonga mlango. Aliyepiga simu kuuliza ni mwandishi wa New York Times.

Na kama mtu anataka kichekesho kipo pia. Kule kwenye darubini ya redio ya Parkes, Australia, wanaastronomia walisumbuliwa kwa miaka mingi na milipuko mifupi ya redio isiyoeleweka. Mwaka 2015 mchawi akapatikana: maikrowevu ya hapo hapo kituoni, kila mtu mwenye njaa alipofungua mlango wake kabla haijamaliza kupasha chakula. Hawakuwa wakitafuta viumbe, lakini mwandishi wa filamu angetaka nini zaidi?

Mimi ningelipia tiketi kutazama usiku ule wa Green Bank, saa mbili nzima, bila kiumbe hata mmoja. Chumba kimoja, kahawa iliyopoa, watu wazima wasiothubutu kusema kwa sauti wanachokifikiria. Dakika za mwisho mmoja anasoma jina kwenye orodha ya vyombo vya angani, anavua miwani, anasema, "Ni SOHO." Halafu mwenzake anaielekeza darubini kwenye nyota inayofuata.

Rafiki yangu nitamwamsha sehemu hiyo.