Bakuli la kaboni lenye ncha za umeme

Masizi yanayoganda kwenye bati juu ya koroboi, iwe Kondele au Mumias, hujengwa na molekuli za kaboni zenye pete, na baadhi yake zimepinda. Kwa hiyo tunawakosea wanafunzi tunapowaambia kwamba haidrokaboni za pete, yaani molekuli za kaboni na haidrojeni pekee, hazina ncha za umeme (upande chanya na upande hasi), basi.

Koronini, C24H12, ni bapa na pande zake zinalingana, kwa hiyo dipoli yake, yaani kipimo cha ncha hizo, ni sufuri. Sasa chukua pete ya kaboni 5, uizungushie pete tano za kaboni 6. Hiyo ni koranulini, C20H10, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1966. Haikubali kulala bapa. Hujikunja ikawa bakuli lenye kina cha nanomita 0.087, na dipoli yake ni 2.07 kwa kizio cha debai. Ya maji ni 1.85! Kaboni na haidrojeni peke yake zimeyapita maji.

Karatasi bapa ya kaboni ina wingu la elektroni lililo sawa juu na chini. Ikipinda, wingu la tumboni (ndani ya bakuli) hubanwa na la mgongoni (nje) hutanuka, hivyo elektroni huegemea mgongoni. Haidrojeni za ukingoni nazo, zenye chaji chanya kidogo, huinuka pamoja kuelekea mdomo wa bakuli badala ya kufutana.

Manila moja inatosha kuonyesha umbo hilo. Chora mtandao wa pembesita, kisha kata duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Kitovu kiwe katikati ya pembesita moja. Kikiangukia kwenye kona, mistari haitakutana. Kata kutoka kitovuni kupitia kona mbili jirani, utoe kipande cha nyuzi 60, lakini bakiza ulimi wa sentimita 1 wa kupaka gundi. Bila ulimi huo wanafunzi watapandanisha karatasi na pembe itaharibika. Ukiunganisha, pembesita ya katikati imekuwa pembetano na karatasi imeinuka kama sentimita 5.5. Andika − mgongoni, + tumboni.

Tusivuke mpaka lakini. Azulini, haidrokaboni ya pete mbili, ni bapa na ina dipoli, kwa sababu pete yake ya kaboni 7 huipa ile ya kaboni 5 elektroni. C60, mpira wa kaboni 60, imepinda kote, ila kila upande una mwenzake wa kuufuta, ikabaki sufuri. Bakuli lililo wazi halina wa kulifuta, na ndani ya mwali wa koroboi, palipojaa ioni (chembe zenye chaji), ncha hiyo huzivuta.